Eti Little Richard alikuwa ANAMUIGA ELVIS?! Yule mtangazaji wa zilipendwa kanivuruga kabisa

Santuri Kongwe

Wakuu naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Hivi nani alimpa yule jamaa kipaza sauti? Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule yule wa kipindi cha nyimbo za kale usiku, anayecheka kabla hajamaliza sentensi, anayeongea juu ya wimbo mpaka wimbo unaisha hatujausikia. Leo kapiga Tutti Frutti ya Little Richard, yule Mmarekani wa rock and roll, nikafurahi, nikaongeza sauti mtaa mzima ufaidi, wimbo haujafika hata katikati kaukata, kacheka kile kicheko chake, halafu anasema "kale kababu ka wanja kalikuwa kanamuiga tu Elvis."

KANAMUIGA ELVIS.

Nilizima redio nikaiwasha tena nikidhani nimesikia vibaya. Akarudia! Kwa raha zake! Nchi nzima imesikia, mabaharia huko baharini wamesikia, samaki wamesikia, na marehemu mwenyewe huko Huntsville, Alabama, alikozikwa 2020 nina hakika kageuka kaburini akalala kifudifudi kwa aibu ya kuzaliwa dunia moja na mtangazaji huyu.

Sasa ngoja. Tutti Frutti imerekodiwa New Orleans Septemba 1955, studio ya Cosimo Matassa, Earl Palmer kwenye drumu, Lee Allen kwenye saksafoni. Elvis kaja kuirekodi Januari 1956, ikaingia kwenye albamu yake ya kwanza. Baadaye mwaka huo huo kachukua na Long Tall Sally, kachukua Rip It Up, kachukua Ready Teddy, zote hizo zilishaimbwa na Richard. Nyimbo nne! Mtu anaimba nyimbo zako nne halafu wewe ndo unaitwa mwigaji? Hesabu gani hiyo? Shule gani hiyo jamani?

Na ile siku yenyewe ya kurekodi, mtangazaji angeisoma angelia badala ya kucheka. Siku haiendi, Richard kapoa, Bumps Blackwell aliyetumwa na kampuni anaona hela zinateketea, wakaenda kula Dew Drop Inn, Richard kuona piano na watu wamejaa akapanda akaanza kupiga kelele zake na wimbo mchafu wa vilabuni ambao redio yoyote ingefungiwa. Blackwell akamtafuta binti mmoja mtunzi, Dorothy LaBostrie, asafishe maneno haraka haraka, wakarudi studio muda umebaki kiduchu, wakapiga mara chache tu, kwisha. Dunia ikabadilika. Zile kelele za mwanzo Richard mwenyewe alikuwa akisema zilimtoka akiosha masufuria kwenye stendi ya mabasi ya Greyhound kwao Macon, Georgia. Mtu kaunguza mikono kwenye maji ya moto kapata kelele yake mwenyewe, leo mtu kwenye kiti cha kuzunguka na kiyoyozi anasema kanamuiga!

Na hilo la wanja ndo limenimaliza. Huyo mzee kazaliwa 1932, Georgia, mweusi, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, mmoja kati ya watoto 12, baba yake shemasi wa kanisa huku anauza gongo, akapigwa risasi akafa 1952. Kijana akabaki anasaidia familia. Wanja na poda aliziona kwa Billy Wright, mwimbaji wa blues, akazichukua, na mwenyewe alieleza kwamba zilimsaidia kupita kwenye kumbi za wazungu, maana wakimuona hivyo hawaoni mtu wa kuwachukulia binti zao. Enzi hizo mweusi kumtazama vibaya binti wa kizungu ni kifo. Lile wanja lilikuwa kinga! Wewe unalicheka?

Kanamuiga Elvis. Mungu wangu. Kanamuiga. Sitalala leo.

Njugu Mawe

Mkuu umekula lakini? Povu lote hili jirani kaona linapita chini ya mlango kadhani bomba limepasuka 😂😂

Dereva wa Usiku

Huyo mtangazaji hata mimi nina kesi naye. Niliomba wimbo wa mama yangu, akasema jina la mama vibaya halafu akaweka tangazo la godoro. Mama bado ananilaumu MIMI.

Kaka Besi

Sitaki ugomvi ila tuwe wakweli. Elvis aliingia studio Memphis akatoa That's All Right Julai 1954. Tutti Frutti Septemba 1955. Kalenda inamtetea mtangazaji. Nimekaa paleee nasubiri matusi.

Santuri Kongwe

Kaka Besi hukusubiri bure. Richard alirekodi mara ya kwanza Oktoba 1951 huko Atlanta, tena kwa RCA Victor, kampuni ile ile iliyokuja kumnunua Elvis mwishoni mwa 1955! Oktoba 1951 Elvis ana miaka 16, yuko sekondari Memphis na madaftari yake. Sasa Richard alimuiga nani, mwanafunzi? Alimchungulia dirishani akiwa kwenye kipindi cha hesabu? Na hiyo That's All Right unayoniletea ni ya Arthur Crudup, mweusi wa Mississippi, alishairekodi 1946. Kila ukifungua mlango wa huyu mfalme wenu unakuta mweusi kasimama ndani ya nyumba anadai kodi yake. KANAMUIGA! Kamuiga nani!

Kaka Besi

Basi bana basi. Ila zile za 1951 hazikununuliwa sana.

Santuri Kongwe

Kwa hiyo kitu kisiponunuliwa hakijatokea?? Wewe ndo yule mtangazaji? Sema ukweli, ni wewe?

Mpenda Haki

Mleta mada unapigana na mtu asiyehusika. Adui wa kweli ni Pat Boone. Yule mwimbaji mzungu wa viatu vyeupe alichukua Tutti Frutti hiyo hiyo, akaiimba kama anasoma tangazo la kikao cha wazazi, na ikapanda juu kuliko ya Richard kwenye chati za pop, maana vituo vingi vya wazungu vilitaka sura nyeupe. Ndo maana Long Tall Sally waliipiga kwa kasi makusudi, Blackwell alitaka mdomo wa Boone ushindwe kufuata. Boone akaimba hivyo hivyo, ila safari hii Richard akamshinda, akafika namba 6.

Na hela je? Nusu senti kwa sahani moja. NUSU. Haki za utunzi wa Tutti Frutti kaziuza dola 50 kwa kampuni hiyo hiyo iliyomrekodi, Specialty. 1984 akaenda mahakamani akidai dola milioni 112, wakaja kumalizana nje ya mahakama. Hapo ndo pa kuvimbiwa hasira, kicheko cha redioni hakimpunguzii mtu ugali.

Santuri Kongwe

Mpenda Haki nakuunga mkono asilimia mia, na hapo ndo hasira inazidi! Kaibiwa wimbo, kaibiwa chati, kaibiwa hela, kitu kilichobaki ni kwamba ALIANZA. Hicho tu. Hata 1988 kwenye tuzo za muziki za Grammy alipoitwa kumtangaza msanii mpya bora alisimama akawaambia wazi kwamba hawajawahi kumpa yeye chochote, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Ile ya heshima walikuja kumpa 1993. Halafu leo hicho kimoja kilichobaki anakuja mtu na kicheko chake anakichukua usiku kwenye kipindi. Kanamuiga. Siwezi kulizoea hili neno.

Bibi Kanda

Wanangu mnagombana nyote hamjamtaja mama wa watu. Kabla ya huyo Richard na kabla ya huyo Elvis kulikuwa na Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa kanisani kashika gitaa la umeme. Strange Things Happening Every Day aliirekodi 1944, Richard bado mtoto wa miaka 11. Na 1947 alipokwenda kufanya onyesho Macon akamsikia huyo kijana wenu akiimba kabla ya onyesho, akampandisha jukwaani na kumlipa. Wa kwanza kumpa hela ya kuimba! Amekufa 1973 kazikwa Philadelphia, kaburi lake likakaa miaka na miaka halina hata jiwe la jina. Na kwenye ule ukumbi wao wa heshima wa rock and roll wanaume waliingia 1986, yeye wakamkumbuka 2018. Miaka 32 baadaye. Kasirikeni na hilo kwanza halafu ndo mje kwenye wanja.

Santuri Kongwe

Shikamoo bibi. Richard mwenyewe alimtaja Rosetta maisha yake yote, hilo hatupingani hata kidogo. Ila bibi, ulisikia kile kicheko lakini?

Bibi Kanda

Marahaba. Mimi redio hiyo niliacha kusikiliza tangu walipoleta huyo mtu.

Sabato Njema

Samahanini naomba kuuliza, nimesoma mahali kwamba alikuwa Msabato, ni kweli? Kanisani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia.

Mpenda Haki

Ni kweli alipitia huko. Oktoba 1957 yuko ziarani Australia, yuko kileleni kabisa, akatangaza kwamba anamrudia Mungu, akavua pete zake za thamani akazitupa majini wenzake wanamtazama. Sputnik, ile satelaiti ya Wasovieti, ilikuwa imerushwa mwezi huo huo, aliona moto angani akachukulia ni ishara. Akaenda kusoma Oakwood, Huntsville, chuo cha Wasabato. Na amezikwa huko huko kwenye makaburi ya chuo. 1962 ndo akarudi, akapelekwa Uingereza, watu wakadhani ataimba za dini tu, alipoona Sam Cooke, mwimbaji mwenzake kwenye ziara hiyo, anashangiliwa kuliko yeye akafungulia piano yote.

Sabato Njema

Asante. Sasa nina malalamiko yangu. Kwaya yetu tumeomba kinanda tangu zamani wazee wanasema kelele. Nikiwaonyesha huyu ndugu watasemaje?

Njugu Mawe

Watasema anamuiga Elvis 😂😂😂

Santuri Kongwe

Njugu Mawe usicheze na mimi leo nakuomba. Mwaka huo huo 1962 vijana wanne wa Liverpool, Beatles, walimtangulia jukwaani New Brighton, wakawa naye tena Hamburg, wanamzunguka kama vifaranga na mama yao, na zile kelele za juu za Paul McCartney mnazozisifia hapa kila wiki ni za Richard tupu, hata McCartney mwenyewe hajawahi kuficha. Jimi Hendrix kabla hajawa Hendrix alipiga gitaa kwenye bendi ya Richard. Sasa nani anamuiga nani?

Mtoto wa Forodhani

Nami niseme langu maana linanikaa rohoni. Huyo huyo mtangazaji alisema Freddie Mercury ni "msanii wa Uingereza aliyezaliwa Bombay". Amezaliwa Zanzibar 1946, Mji Mkongwe! Wazazi Waparsi, sawa, shule kasoma India, sawa, lakini kazaliwa kwetu. Na mleta mada, Freddie mwenyewe aliimba Tutti Frutti hiyo hiyo Wembley 1986 mbele ya watu wamejaa uwanja mzima. Kwa hiyo wimbo wa muosha masufuria wa Macon umeimbwa na mtoto wa Unguja, na jamaa hajui yoyote kati ya hayo mawili.

Mtu wa Nyali

Ndugu zangu huyo mtangazaji wenu huku kwetu pia tunamshika tukikaa ufuoni usiku. Wiki jana kasema Malaika ni ya Miriam Makeba!! Malaika! Fadhili William ndiye aliyeirekodi, Mkenya, kila mtu ajua. Makeba aliimba tu, Boney M waliimba tu.

Dereva wa Usiku

Mtu wa Nyali hapo umegusa pabaya. Malaika imetungwa na Adam Salim, Mtanzania. Fadhili aliirekodi, kurekodi siyo kutunga.

Mtu wa Nyali

Haya yameanza. Leta ushahidi, wacha hadithi za kijiweni. Wimbo wetu, sauti yetu, rekodi yetu.

Mtoto wa Forodhani

Mlima mnautangaza wenu, Malaika yenu, karibu mtasema na Freddie ni wa Lamu.

Mtu wa Nyali

Lamu mji mzuri, angefaa kuzaliwa huko.

Santuri Kongwe

Jamani uzi ni wa Little Richard. Naomba turudi. Yule mtu amesema kanamuiga ELVIS, redioni, mara mbili.

Dereva wa Usiku

Tumekusikia mkuu. Mtu wa Nyali nijibu kwanza, mbona familia za watunzi wengine mpaka leo wanasema ni ya kwao?

Kaka Besi

Hapo Wakenya mmebanwa.

Mtu wa Nyali

Nani kabanwa? Nakuja na jibu refu, simu ina chaji kidogo, msilale.

Sabato Njema

Na suala la kinanda hakuna mwenye ushauri?

Bibi Kanda

Mwanangu Sabato, anza na kinanda kidogo cha mkono, wazee wakizoea ndo ulete kikubwa. Nyie wengine, nani anajua pa kupata sindano ya gramafoni ya zamani? Yangu imekwisha na sahani ninazo kabati zima.

Njugu Mawe

Bibi nicheki inbox, kuna fundi Kariakoo anazo.

Mtu wa Nyali

Nimerudi. Sasa sikilizeni. Kuhusu Malaika, sehemu ya kwanza kati ya nne...