Naombeni ushauri: bastola ndani ya gari nikiwapeleka watoto shule, hapa Texas

BabaWawili
Wakuu, habari za usiku. Naishi Houston mwaka wa saba sasa, ni fundi wa viyoyozi, nina grini kadi. Baada ya kuporwa vifaa mara mbili kwenye kazi za usiku nilinunua bastola dukani kihalali, wakachunguza rekodi zangu, nikapita. Inakaa chini ya kiti cha gari, ina risasi. Leseni ya kubeba sina, maana tangu Septemba 2021 Texas haikulazimishi kuwa nayo.

Sasa kila asubuhi nawashusha watoto shuleni. Mke wangu kaniuliza kama najua ninachofanya. Jirani, mzaliwa wa hapa, ananiambia nisihangaike: sheria ya serikali kuu ya kukataza silaha karibu na shule ilitupwa na Mahakama ya Juu kwa kukiuka Katiba. Nimetafuta, kesi ipo kweli, United States v. Lopez ya 1995. Mke hajaridhika, na mimi usingizi umekata. Niko salama?

MamaFortWorth
Kaka, kabla wajuzi wa sheria hawajafika, itoe hiyo bastola chini ya kiti usiku huu huu. Hilo gari linabeba watoto.

MsomajiWaSheria
Mtoa uzi, jirani yako hajadanganya, ila hadithi kaiachia njiani.

Machi 1992 mwanafunzi wa darasa la 12 wa Edison High School, San Antonio, alikutwa shuleni na bastola na risasi tano. Jimbo lilimfungulia kesi, kisha likaifuta kwa sababu serikali kuu ilimshtaki kwa sheria hiyo anayoisema jirani, ya 1990. Akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Rufaa ikafika Washington, na Aprili 26, 1995 majaji 5 dhidi ya 4 wakaibatilisha sheria hiyo.

Sababu yao ndiyo muhimu. Hawakusema mtu ana haki ya kubeba silaha karibu na shule. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha, hayakuwa msingi wa uamuzi ule. Walichoamua ni nani mwenye mamlaka. Katiba yao imeihesabia Congress, yaani bunge la taifa, madaraka yake, mengine ni ya majimbo. Serikali ilijitetea kwa kifungu cha Katiba kinachoipa Congress mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo: silaha shuleni zinaleta uhalifu, uhalifu unaharibu elimu, elimu mbovu inadhoofisha uchumi wa taifa. Jaji Mkuu William Rehnquist akaona kwamba ukiufuata mnyororo huo, halibaki jambo ambalo Congress haiwezi kulitungia sheria.

Jirani yako kaishia hapo. Mwaka 1996 Congress iliirudisha sheria ile ikiwa na nyongeza: upande wa mashtaka uthibitishe kwamba silaha yenyewe imepita katika biashara kati ya majimbo, au inaigusa biashara hiyo. Bastola yako ilitengenezwa wapi? Kama si Texas, basi imeshavuka mpaka wa jimbo. Mahakama za rufaa za serikali kuu, zilizogawanywa kwa kanda ziitwazo mizunguko, zimeikubali sheria hiyo mpya: ya Mzunguko wa Nane mwaka 1999 na ya Tisa mwaka 2005.

Kwa hiyo ipo, na inakuhusu. Eneo ni viwanja vya shule pamoja na futi 1,000 kuvizunguka, kama mita 305. Adhabu inafika miaka 5. Unasalimika kama una leseni ya jimbo ambayo hutolewa baada ya mamlaka kukuchunguza, au kama silaha haina risasi na imefungiwa kwenye kasha lenye kufuli. Ruhusa ya Texas ya kubeba bila leseni si leseni. Hapo ndipo wengi wanaponaswa.

KijanaWaKatiba
Mkuu, naheshimu maelezo, ila mimi naiona nyongeza ya 1996 kama ujanja wa maneno. Karibu kila silaha imevuka mpaka wa jimbo fulani, kwa hiyo ukomo uliowekwa na Lopez umebaki kwenye karatasi. Halafu tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Bruen, 2022, kizuizi cha silaha lazima kiwe na mizizi katika historia yao. Ndani ya shule sawa. Lakini futi 1,000 mjini ni maduka, makanisa, barabara kuu, mtaa mzima.

MsomajiWaSheria
Hoja ya futi 1,000 ni nzito, sehemu yake naikubali. Ila Heller ya 2008, kesi nyingine ya Mahakama ya Juu kuhusu haki ya silaha, na Bruen yenyewe zote zimezitaja shule kuwa mahali ambapo silaha zinaweza kuzuiwa. Mjadala uko kwenye ukubwa wa eneo, na nisingependa ujaribiwe kwa mgongo wa huyu ndugu. Ana grini kadi. Kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kuondolewa nchini, hata kama kifungo ni kifupi. Mzaliwa wa hapa akishindwa kesi anarudi nyumbani kwake. Wewe, baba, unaweza kurudishwa ulikotoka na watoto wakabaki.

DerevaWaLori
Niongeze moja kwa wenzangu wa barabarani. Leseni inayokulinda ni ya jimbo ilipo hiyo shule. Ya Texas haikusaidii mbele ya sheria hii ukiwa Oklahoma. Mimi nikivuka mpaka naifungia kwenye kasha, risasi mbali.

BabaWawili
Wakuu, nimesoma na mke wangu, tumekaa kimya muda mrefu. Bastola nimeshaitoa kwenye gari. Jumamosi naenda kujiandikisha darasa la leseni, nimeambiwa linachukua muda wa saa 4 hadi 6, halafu kuna kupima shabaha. Swali moja: nyumba yetu iko kama mita 200 kutoka shule. Nayo je?

MsomajiWaSheria
Ndani ya nyumba na uwanja wako sheria hii haikugusi, hiyo ni mali binafsi. Gari likitoka tu getini likaingia barabarani, hesabu uko eneo la shule.

BabaWawili
Asante sana kaka. Kasha nanunua kesho.