Leza, dermapeni au asidi kwa mashimo ya chunusi: nani ameshapita huko?

Chausiku_Moro
Habari za jioni wanajukwaa. Nina miaka 31, rangi yangu maji ya kunde iliyokolea. Chunusi zilinitesa tangu kidato cha pili, zikatulia nilipojifungua mwaka juzi, ila zimeniachia mashavu kama barabara ya vumbi baada ya masika. Mashimo yapo na madoa meusi yapo.

Wiki hii nimezunguka sehemu tatu Dar. Ya kwanza wanataka leza ya CO2, awamu tatu, na bei ya awamu moja ni kodi yangu ya miezi mitatu. Ya pili dermapeni, zile sindano ndogondogo, awamu sita, nafuu kidogo. Ya tatu ni saluni, wao watanimenya kwa asidi na "utatoka kama kichanga". Kila mmoja anamponda mwenzake. Naomba uzoefu wa aliyepita mwenyewe, si wa aliyesimuliwa na shoga yake.

NuruTanga
Dada mimi nimepita, tena kwa hiyo hiyo CO2, miaka minne iliyopita. Walinipaka krimu ya ganzi wakanifunika uso kwa nailoni kama chapati, nikakaa karibu saa nzima. Ganzi ilishika, lakini harufu ya kuungua huna pa kuikimbilia. Siku ya tatu nikawa na vidoti vya kahawia vimejipanga safu kwa safu kama matundu ya chujio la chai, ukipitisha kidole unahisi msasa. Siku ya saba vikadondoka, chini ngozi laini, nikampigia mama simu nalia kwa furaha.

Wiki ya nne mashavu yakaanza kuwa meusi. Miraba miraba, pale pale kifaa kilipogusa. Nilikaa na weusi ule miezi tisa. Mashimo yalipungua, sisemi uongo, labda nusu yake. Ila hakuna aliyeniuliza nilikuwa napaka nini usoni, wala aliyenijaribia sehemu ndogo kwanza. Jina la kliniki msiniulize PM, sitalitoa.

Nesi_Mstaafu
Chausiku mwanangu, nimefanya kazi chumba cha ngozi miaka mingi, ngoja nikueleze taratibu. Leza si moja. Ya CO2 mwanga wake una urefu wa nanomita 10,600, ya Erbium YAG ni 2,940. Zote mbili zinatafuta maji yaliyomo kwenye ngozi na kuyachemsha ghafla, ngozi inapukutika, halafu mwili unajenga kolajeni mpya, ile protini inayoshikilia ngozi. Tofauti ni kwamba maji yanaimeza Erbium zaidi ya mara 10 kuliko CO2, kwa hiyo inakata juu juu na joto kidogo tu ndilo linalosambaa pembeni. CO2 inaacha joto jingi. Joto hilo ndilo linalokaza ngozi, na ndilo hilo hilo linalokasirisha seli za rangi. Kwetu sisi weusi seli hizo zikikasirika zinamwaga rangi. Ndicho kilichompata Nuru.

Miaka ya 1990 walikuwa wanachoma uso mzima, mtu anavuja maji wiki mbili. Miaka ya 2000 ikaja mbinu ya kutoboa vishimo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati, ndiyo maana ya vile vidoti vya chujio. Hatari ilipungua sana, ila haikuisha.

Na muwe macho: kuna sehemu wana mashine ya IPL wanaiita leza. Ile ni taa ya mwanga mkali, siyo leza, na kwa ngozi nyeusi inaunguza vibaya. Ukiulizia jina la mashine wakaanza kubabaika, chukua mkoba wako.

Urembo_Asilia_255
Dada zangu mnahangaika bure. Limau na magadi ya kuokea, usiku mara tatu kwa wiki. Pia nina seramu yangu, wiki mbili mashimo kwisha. Njoo inbox 💛

NuruTanga
^^ Limau usoni halafu jua la saa sita la Dar? Mtu atoke na ramani. Mods, huyu kila uzi yupo.

Mzenji_Matrah
Salaam. Mimi mwanamume, naishi Muscat, ngozi kama ya Chausiku au nyeusi zaidi. Huku kliniki za leza kila kona, na nilikuwa nishalipa amana. Daktari mmoja, mama wa Kihindi, akanizuia. Akazima taa, akamulika shavu langu kwa tochi ya simu kutokea ubavuni, akanipa kioo. Wallahi niliona vivuli. Akanionyesha: shimo hili jembamba refu kama limechomwa na sindano, hili pana lina kingo kama kisanduku, na hapa chini ngozi imebonyea kama godoro lililozeeka. Kila aina na dawa yake.

Ile iliyobonyea ina nyuzi zinazoivuta kwa chini. Hata ukipiga leza mara kumi nyuzi ziko pale pale. Alinichoma ganzi akaingiza sindano pembeni akazikata, nikasikia kriki kriki kama mtu anafumua mshono. Uso ukavilia damu siku kumi, kazini wakadhani nimepigwa. Baada ya hapo dermapeni mara nne, kila baada ya wiki sita. Leo ni mwezi wa nane tangu nianze matibabu, na mabonde yamejaa kuliko nilivyotarajia. Vile vitundu vya sindano bado vipo, hivyo dermapeni haikuvifanya lolote.

Nesi_Mstaafu
Mzenji umesema vizuri. Vile vitundu vyembamba vinatibiwa kwa asidi kali ya TCA, tone moja moja ndani ya tundu kwa ncha ya kijiti kama cha meno. Tundu tu, si shavu zima! Ikimwagika pembeni inachoma au inatoa rangi. Kazi ya mtu mwenye mkono uliotulia.

Asidi nyepesi za kumenya, kama glaikoliki na salisiliki, zinasaidia madoa na mafuta. Shimo hazilijazi. Kwa hiyo ile saluni inakuuzia dawa ya ugonjwa mwingine.

Wambo_Nrb
Niulize jambo ambalo hakuna aliyelitaja: Chausiku, ukitoboa sikio au ukichanjwa, kovu linafura? Mimi nina keloidi, kovu lililofura, kifuani kutokana na chunusi moja tu ndogo. Nilienda kuulizia leza hapa Nairobi wanisawazishie, daktari akakataa katakata, akasema kuchoma keloidi ni kuipa chakula. Nachomwa sindano za triamsinoloni, dawa ya steroidi, ndani ya kovu kila mwezi. Zinauma balaa, lakini limeshuka na kuwasha kumeisha. Ukiwa na damu ya keloidi mwambie yeyote atakayekushika uso, hata huyo wa dermapeni.

Chausiku_Moro
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Keloidi sina, masikio yangu yana matundu manne na yamepona safi.

Tochi nimeijaribu chooni usiku, mume akadhani nimechanganyikiwa. Kumbe zaidi ya nusu ya ninayoyaita mashimo ni madoa tu! Ukimulika pembeni hayana kivuli. Yenye kivuli kweli ni kama kumi na tano, mengi mapana, na shavu la kulia limebonyea kama alivyosema Mzenji.

Sasa naomba msinipige mawe. Nimepaka mkorogo kama miaka miwili. Nilinunua Kariakoo kwa ajili ya hayo hayo madoa. Niliacha mwezi uliopita, sasa uso unawaka na umekuwa mwekundu.

Nesi_Mstaafu
Hakuna wa kukupiga mawe, wengi wanaokuja wana historia hiyo, wanasema mwishoni wakiwa mlangoni. Mkorogo mwingi una steroidi kali kama klobetasoli, mwingine una haidrokwinoni inayofifisha rangi, mwingine zebaki. Steroidi imekukondesha ngozi. Uso unaowaka baada ya kuacha ni dalili yake. Ukipigwa leza au sindano juu ya ngozi ya namna hiyo, hakuna anayeweza kukuambia itaponaje. Kwanza ngozi itulie, na mara nyingi hiyo ni miezi. Onana na daktari wa ngozi akusimamie.

Wakati unasubiri, paka sanskrini. Tafuta yenye rangi ya kahawia ndani yake, maana ina oksidi ya chuma. Ngozi nyeusi haidhuriwi na miale isiyoonekana peke yake, hata mwanga tunaouona unaitia madoa, na sanskrini nyeupe ya kawaida haiuzuii huo. Madoa uliyoyakuta kwa tochi yanaweza kufifia kwa hilo tu na dawa nyepesi za daktari.

Halafu: kama umewahi kumeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, sema. Na kama mdomo wako hutoka vidonda vya homa, sema pia, kwa sababu leza huviamsha vikatapakaa uso mzima. Mtu hupewa asaikloviri, dawa ya kuzuia virusi, kabla.

Kaka_Bonge
Nimekuja kusoma kwa ajili ya wife. Dermarola, ile roli yenye sindano, ya kujifanyia nyumbani vipi? Zinauzwa mtandaoni bei ya soda mbili.

Wambo_Nrb
Usimnunulie bana. Sindano zake hupinda, zinachana badala ya kutoboa, na watu huazimana kama kitana.

Chausiku_Moro
Leo nimerudi kliniki ya leza nikawaomba wanijaribie sehemu ndogo chini ya taya, tusubiri wiki sita tuone rangi. Dada wa mapokezi akasema utaratibu huo hawana, ila nikilipia awamu zote tatu leo napata punguzo. Nikaaga.

Dada yangu yuko Moshi, ananiambia pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Nimekata tiketi ya basi ya Jumatano. Nikirudi nitaleta majibu humu humu.

Nesi_Mstaafu
Kipo, tangu 1992, wengi wa wataalamu wa ngozi mnaowaona mikoani wamesomea pale. Beba na makopo ya hiyo mkorogo, hata kama hayana lebo.

Mzenji_Matrah
Na piga picha kabla hujapanda basi. Dirisha lile lile, saa ile ile, bila filta. Mimi sikupiga, sasa nikimwambia mke wangu mabonde yamejaa ananiambia yalikuwa hivyo hivyo siku zote.