Serikali, mmetutoa kwenye mashamba yetu ya vinyungu ili bonde lirudi. Limerudi. Ahadi zenu ziko wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu ubaki hapa hapa kwenye kilimo, msiuhamishie siasa. Siandiki habari za chama, naandika habari za bonde langu.

Mimi ni mkulima wa mkoa wa Iringa. Wilaya na kijiji sivitaji, kwa sababu najua kuna watendaji wanasoma humu na sitaki jirani yangu yeyote aitwe ofisini kwa maneno yangu. Kijito kinachopita shambani kwangu kinaingia Ruaha Mdogo, Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu unajaza bwawa la Mtera na kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, kisha maji yale yale yanashuka Rufiji mpaka bwawa la Julius Nyerere. Mkisikia megawati 80 za Mtera, 204 za Kidatu na 2,115 za Rufiji, mjue kuna maji humo yaliyotoka kwenye matindiga, yaani mabonde ya majimaji, ya watu kama mimi.

Kwa ndugu zangu wa mjini na wa pwani wasiojua vinyungu: ni kilimo cha kiangazi kwenye mabonde yenye unyevu. Mvua zikikatika mwezi wa tano, mlimani kunakauka, sisi tunashuka bondeni. Unachimba mifereji ya kutoa maji, unapandisha matuta, juu yake unapanda mahindi, maharage, njegere, viazi. Mahindi mabichi yanatoka wakati sokoni hayapo, na bei yake ndiyo inayolipa ada na sare mwezi wa kwanza. Babu zetu walilima hivyo. Mimi nina hati ya hakimiliki ya kimila, imetolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ina mhuri, na bonde limo ndani ya mchoro wake. Kwa hiyo anayekuja kuniita mvamizi aanze na hapo.

Sibishi kwamba mabonde yameumia. Nimezaliwa hapa, nayaona. Mifereji ikizidi kina, maji ya chini ya ardhi yanashuka, ule udongo mweusi unapasuka, na moto wa kiangazi ukipita unaungua wenyewe kwa chini. Tindiga zima ni sponji: linameza mvua ya Desemba hadi Aprili na kuiachia kidogo kidogo mpaka mvua nyingine. Ukilikausha, mvua inapita siku hiyo hiyo ikiwa na tope, na Septemba kijito hakipo. Ongeza milingoti (mikaratusi) iliyojazwa mabondeni, mti unaokunywa maji usiku na mchana, halafu ushangae kwa nini Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993.

Na Serikali haiwezi kusema haikujua. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza akiwa London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu na bonde la Usangu, kule juu ya mto huo. 2010 ikafika, mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akaunda kikosi kazi cha kuuokoa mto huo huo. Miaka yote hiyo dawa ya kwanza inayotajwa ni kumwondoa mtu. Anayebaki pale na jembe, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kulirudisha bonde kwa mikono yake, hakuna anayekaa naye kupiga hesabu.

Sasa kwetu.

Wataalamu walikuja na mtendaji wa kata, mkutano wa kijiji ukaitishwa, tukasomewa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hakuna shughuli za kudumu wala zinazoweza kuhatarisha mazingira. Wakapima, wakasimika vigingi. Kwenye bonde jembamba kama letu, mita 60 upande huu na mita 60 upande ule maana yake ni bonde lote. Kwangu kimebaki kipande cha juu chenye changarawe ambacho kiangazi hakioti hata magugu.

HATUKUKATAA. Hilo naomba lieleweke kabla hamjaanza kunijibu. Mkutano ule haukuwa wa vitisho, ulikuwa wa makubaliano. Tuliambiwa Serikali itatushika mkono: miche ya miti rafiki wa maji, mizinga ya kisasa ya nyuki, na skimu ndogo ya umwagiliaji juu ya mstari wa vigingi ili kiangazi tuwe na pa kulima. Ikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, tukanyoosha mikono.

Mimi nilifanya sehemu yangu. Na kuziba mfereji si kufukia tu na jembe. Unapigilia nguzo za mti, unapanga mawe na viroba vya mchanga, unashindilia udongo, unaweka kizuizi, unashuka hatua kadhaa unaweka kingine, la sivyo mvua ya kwanza inafumua kila kitu na kuacha korongo baya kuliko mfereji wenyewe. Nililipa vijana kung'oa milingoti. Mlingoti haufi kwa kukatwa, kisiki kinachipua mashina mapya, lazima uchimbe mpaka mizizi. Nikazungushia miiba ng'ombe wasikanyage. Pesa yote imetoka mfukoni mwangu, tena katika mwaka ambao sikuvuna kiangazi.

Na bonde limerudi! Mnaosema haiwezekani njooni muone. Matete yamesimama, mafunjo yameanza kujaza sehemu ya chini, maji yapo hadi mwezi wa kumi, ndege aina ya korongo wanashuka asubuhi. Wanaochota maji kule chini wanasema kijito hakijawahi kukaa muda mrefu hivi kwa miaka mingi. Wataalamu wanaleta wageni, wanapiga picha, bonde langu linaingia kwenye taarifa kama mafanikio ya utekelezaji.

Ahadi sasa. Miche ililetwa mwezi wa saba, kiangazi kikavu na baridi ya kuua, na sehemu kubwa ilikuwa misindano. Misindano kwenye tindiga! Tulitegemea mivengi, mti wa asili unaopenda majimaji, tukaletewa mti wa mbao. Mizinga ilikuja, ikapewa kikundi ambacho wanachama wake wengi hawana hata hatua moja ya bonde. Skimu "ipo kwenye mchakato". Nimeuliza kwa mdomo, nimeuliza kwa barua, na jibu nililopewa ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: kwamba eneo lile kisheria si la kulima, kwa hiyo hakuna cha kunifidia wala cha kunilipa.

Wakuu, lisomeni tena jibu hilo. Wakati wa kuniomba nizibe mifereji nilikuwa mwenye shamba na mdau. Wakati wa kulipa nimekuwa mtu aliyekuwa kwenye ardhi isiyo yake. Basi ile hati yenye mhuri ni ya nini? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imetaja wazi kati ya misingi yake kwamba mtu ambaye haki yake ya ardhi inaingiliwa na dola alipwe fidia kamili, ya haki na bila kuchelewa. Katiba ibara ya 24 inakataza kumnyang'anya mtu mali yake bila fidia inayostahili. Kama mita 60 zinafuta yote hayo, aje mwanasheria anionyeshe kifungu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria hii kwetu inamwona mwenye jembe tu. Jirani yangu, mama mjane, alipanda mistari ya maharage ndani ya vigingi kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Akapigwa faini. Mwendo mfupi juu yake kuna milingoti ya watu wa mjini imepandwa mpaka mdomoni mwa chemchemi, vigingi vimesimikwa katikati ya miti, na miti ipo. Kama kweli lengo ni maji, angeanza kuguswa nani?

Najua kuna watu wataniambia hakuna nchi inayomlipa mkulima kwa kuacha kulima. Ipo. Marekani walikausha matindiga yao kuliko sisi: majimbo yale 48 ya bara yalikuwa na ekari zaidi ya milioni 220 za ardhi oevu miaka ya 1780, zikabaki kama milioni 104 ilipofika miaka ya 1980. Mwaka 1985 wakapitisha sheria kwamba anayekausha tindiga ili alime anakosa ruzuku za kilimo. Lakini hawakuishia kwenye fimbo. Mwaka 1990 Bunge lao likaanzisha mpango wa hiari: mkulima anaingia mkataba na Serikali, ama wa kudumu ama wa miaka 30. Kwa mkataba wa kudumu Serikali inanunua ile haki ya kulima na inabeba gharama za kuziba mifereji na kurudisha uoto. Kwa wa miaka 30 inalipa sehemu. Ardhi inabaki kuwa yake, anaweza kuiuza, kuirithisha, kuvua samaki, kuwinda, ila haruhusiwi kukausha tena. Mpango huo mwaka 2014 uliunganishwa na mingine ya kuhifadhi mashamba na unaendelea, na ekari zilizoingia zimevuka milioni mbili. Wale ni wakulima wenye matrekta, na bado Serikali yao iliona si haki mmoja abebe gharama ya faida ya wengi.

"Sisi si Marekani." Sawa, twende Naivasha, Kenya. Wenye mashamba ya maua na watumiaji wengine wa maji kando ya ziwa wamewalipa wakulima wadogo wa juu, bonde la mto Malewa, kwa kutunza ardhi yao. Malipo yalikuwa vocha ya kununulia pembejeo, kama dola 17 kwa mwaka kwa mkulima. Ni kidogo, lakini mkulima anaheshimiwa kama mtu anayetoa huduma.

Tena kwa nini twende Kenya? Morogoro hapo! Milima ya Uluguru, kata ya Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi ambao wakulima walilipwa kwa kupanda miti na kutengeneza matuta ya ngazi ili tope lisishuke mto Ruvu, na waliokubali kuchangia malipo ni watumiaji wa chini, DAWASCO (shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo) na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza. Ilifanyika Tanzania, kwa Watanzania, kwa shilingi. Halafu ukabaki kuwa mradi, haukugeuzwa kuwa sera ya nchi.

Pesa msiniambie haipo. Kila mwenye kibali cha kutumia maji analipa ada. Kwenye mafuta tunakatwa shilingi 50 kwa lita kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Sheria ile ile ya 2004 wanayotusomea ina Mfuko wa Taifa wa Dhamana wa Mazingira ndani yake, mbona ukurasa huo hatukusomewa? Kipande kidogo cha fedha hizo kikitengwa kwa wenye mabonde ya juu, kwa mkataba wa maandishi, kila mtu apimiwe eneo lake na alipwe kwa mwaka akikaguliwa na tindiga likaonekana lipo, nakuhakikishieni watu watazigombea hizo nafasi. Hata mapolisi hawatahitajika. Na asiye na ardhi nyingine apewe kwanza sehemu kwenye skimu, ndipo kigingi kisimikwe, si kinyume chake.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mchangiaji aliyesema "kwa nini usilime tu usiku kama wengine", ndugu yangu, sitaki. Sikuziba mifereji kwa kuogopa faini. Nayataka hayo maji yapite, na nataka wanangu wayakute. Ninachokataa ni kubebeshwa peke yangu.

Mkuu uliyesema milingoti ndiyo benki ya mkulima, ni kweli, na mimi ninayo mlimani. Mlimani ipandwe. Bondeni hapana, awe maskini awe tajiri.

Aliyeniuliza kama muhtasari wa kikao una nguvu kisheria, hilo ndilo na mimi nataka kujua. Wanasheria wa humu, nisaidieni: makubaliano ya mkutano mkuu wa kijiji mbele ya maofisa wa Serikali, yenye saini na mhuri, yanaweza kupelekwa mahakamani kama mkataba? Na hati ya kimila iliyojumuisha bonde, kama ilitolewa baada ya sheria ya 2004, mtoaji hawajibiki?

Na kama kuna mtu wa Kibungo Juu au ndugu wa upande wa Naivasha mwenye nakala ya mkataba aliosaini, naomba aniwekee hapa au anitumie inbox, aufunike majina. Tunataka kuandika wa kwetu na kuupeleka kwenye kikao kijacho cha baraza la madiwani. Muhtasari na picha za vigingi kwenye milingoti nitaviweka kesho nikishuka mjini, huku mtandao unasumbua.