Kusoma na kuandika Kiurdu: kitabu cha watoto, mwalimu wa video, au nianzie kwenye herufi za Kihindi?

Msafiri_Sharjah

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Sharjah, kazi yangu ni ya bohari, na wenzangu wengi ni Wapakistani wa Punjab na Karachi. Kiurdu cha kuongea nimekiokota hapo hapo kazini na sasa kinanitosha, hata utani naelewa. Kusoma ndiko kunakonishinda. Wakiandika kwa herufi zao kwenye kundi la WhatsApp natoka kapa, na wakinipa karatasi ya mzigo inabidi nisubiri mtu anisomee. Chuo nilisoma Tanga na msahafu nimehitimu, lakini nikishika gazeti la Kiurdu naona maneno yamelala na kupandana, sijui linaanzia wapi na linaishia wapi.

Ushauri nimepewa wa kila aina. Mpakistani mmoja anasema ninunue kaida, kile kitabu chao cha watoto, nianze alifu kwa ujiti. Mhindi wa Lucknow anasema nisijitese, nijifunze kwanza Devanagari, yaani herufi za Kihindi, kwa sababu lugha ya kuongea ni ile ile na irabu zote zinaandikwa. Vijana wanasema niandike kwa herufi za Kizungu kama wao wanavyochati. Na kuna walimu wa video wanaolipwa kwa saa. Muda wangu ni usiku baada ya shifti. Aliyepita mojawapo ya njia hizi anipe mwanga.

Ubao_na_Wino

Ndugu yangu, mimi ni mwalimu wa chuo hapa Mombasa na Kiurdu nilifundishwa na majirani Wapunjabi. Kwa mtu aliyehitimu msahafu, kuanzia Devanagari ni kuacha mtaji ulio mkononi ukakope kwingine. Herufi zote 28 za Kiarabu zimo ndani ya Kiurdu. Za kuongeza hazifiki hata kumi: پ چ ژ گ kutoka kwa Waajemi, na ٹ ڈ ڑ zenye ط ndogo kichwani, ambazo unazitamka kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma kwenye kaakaa. Halafu kuna ے, ile ye kubwa ya mwisho wa neno, na ں, nuni isiyo na nukta, inayosikika puani tu.

Kwa hiyo herufi unazo, hati ndiyo usiyokuwa nayo. Msahafu umeandikwa kwa naskhi, ambayo herufi zake zinakaa sawa juu ya mstari. Gazeti la Kiurdu ni nastaliki. Humo neno linaanzia juu kulia na kuteremka kushoto kama mtu anayeshuka ngazi, mpaka herufi ya mwisho ikanyage mstari. Litazame neno محبت, yaani mapenzi. Mimu iko juu kabisa, he inaning'inia chini yake, be inabaki jino dogo tu, te ndiyo inayolala chini. Ukiliandika mwenyewe kwa mkono mara kadhaa, jicho linaacha kutafuta herufi moja moja na linaanza kuona umbo la neno zima. Ndiyo maana nasema chukua kaida, tena iwe imechapwa kwa nastaliki, na ukae na kalamu. Kutazama peke yake hakutoshi.

Uangalie sana yale meno. Katikati ya neno ب پ ت ٹ ث ن ی zote zinakuwa jino moja, na kinachozitenganisha ni nukta: ngapi, na ziko juu au chini, isipokuwa ٹ, ambayo inajulikana kwa ile ط yake ndogo. Kwenye nastaliki nukta husukumwa pembeni nafasi ikiwa finyu, kwa hiyo zihesabu kwanza, halafu ndiyo utafute jino lake.

Jambo moja litakusumbua kwa sababu ya chuo. Wao ذ ز ض ظ zote ni z. رمضان wanasoma Ramzan, حضرت wanasoma Hazrat. ث na ص ni s, ط ni t. Ukisoma Kiurdu soma kama wao, na ukirudi kwenye msahafu rudi kwenye makhraji yako, yaani matamshi uliyofundishwa chuoni.

Nesi_wa_Bradford

Maalim, nakubali kwa huyu ndugu, lakini wasomaji wengine wasidhani kaida inamfaa kila mtu. Mimi ni Mkristo wa Moshi, chuo sikupita, na nilipofika Bradford, Uingereza, sikujua Kiurdu hata cha salamu. Kaida inasema الف سے انار, alifu ya komamanga, ب سے بکری, be ya mbuzi. Mtoto wa Lahore anamjua mbuzi tangu hajaingia darasani, anaongezewa herufi tu. Mimi herufi ilikuwa ngeni, neno geni, na mchoro wenyewe haunisaidii kutamka. Kwa mtu wa namna yangu mwalimu ndiye aliyefaa, tena anayeelekeza kamera kwenye mkono wako na siyo usoni. Aliniona naandika د na ر kwa urefu mmoja, akanisimamisha hapo hapo. Kitabu hakiwezi kukuona.

Kuhusu Devanagari nitaitetea kidogo, maana nilianzia huko kwa ajili ya filamu. Inakupa irabu, na Kiurdu hakikupi. Tazama اس. Linaweza kuwa "is", yaani huyu, au "us", yaani yule. میں ni "main", mimi, au "men", ndani ya. کیا ni "kya", nini, au "kiya", alifanya. Alama za irabu, yaani zabar, zer na pesh, ambazo nyinyi wa chuo mnaziita fataha, kasra na dhumma, haziandikwi kwenye gazeti wala kwenye ujumbe wa simu. Nilipofika kwenye Kiurdu, sikio langu lilikuwa tayari linajua ni "is" au "us" kwa sababu Devanagari ilishanionyesha. Ubaya wake ni kwamba wagonjwa wangu wa Kipakistani hawasomi Devanagari kabisa. Ningewaandikia maelekezo ya dawa kwa herufi hizo wasingeyaelewa.

Msafiri_Sharjah

Dada, hapo kwenye "is" na "us" umenifungua macho. Mimi nikisikia sentensi nzima najua ni ipi, maana nawasikia kutwa nzima. Basi hilo la irabu huenda lisinitese sana?

Nesi_wa_Bradford

Halitakutesa. Faida yako ni sikio. Tuliojifunza lugha na herufi kwa pamoja ndio tulioteseka na irabu. Kwa hali yako Devanagari iache.

Mtoto_wa_Mvita

Mimi nataka kuongezea kuhusu ھ, ile wanayoiita do chashmi he, he ya macho mawili. Wengi wanaichanganya na ہ, he ndogo ya kawaida, kwa sababu kwenye Kiarabu hizo ni sura mbili za herufi moja. Kwenye Kiurdu kazi zao ni tofauti. ہ ni h yenyewe. ھ haisimami peke yake. Inamfuata mwenzake kuonyesha kwamba anatoka na pumzi. کانا "kana" ni chongo. Tia ھ, کھانا "khana", inakuwa chakula. پل "pal" ni kitambo kidogo, پھل "phal" ni tunda.

Sisi wa Mvita pumzi hiyo tunayo. Paa la nyumba na paa wa porini hatuwatamki sawa, huyu wa porini ana pumzi. Kaa la moto na kaa wa pwani vivyo hivyo. Aliyekulia bara akitaka kuzoea کھ na پھ aweke kiganja mbele ya mdomo: hewa ikigonga kiganja ni ھ, isipogonga siyo. Ndugu wa Tanga jipime hivyo kabla ya kuandika, kwa sababu ukikosea kusikia utakosea na tahajia.

Mpenda_Qawali

Wote mmesahau mtandao. Tovuti ya Rekhta, iliyoanzishwa India mwaka 2013 na Sanjiv Saraf, ina mashairi ya Kiurdu kwa mkururo, na kila shairi unaweza kuligeuza: herufi za Kiurdu, Devanagari, au herufi za Kizungu. Ukigusa neno unapata maana yake. Wana pia sehemu yao ya kufundishia herufi. Kuyasoma mashairi ni bure, na nastaliki yake inasomeka vizuri kwenye simu. Mimi nachukua ghazali ninayoijua kwa kuisikia, nasoma mstari kwa Kiurdu, nikikwama ndipo nageuza kuhakiki. Kwa mtu wa shifti za usiku hii ni rahisi kuliko kupanga saa na mwalimu.

Ubao_na_Wino

Tovuti hiyo ni nzuri na mimi naitumia. Lakini ghazali imejaa Kiajemi kigumu. Ndugu yetu anataka karatasi ya mzigo. Aanze na maneno ambayo sisi na wao tunayatumia kila siku: گاڑی gari, پیسہ pesa, رنگ rangi, بیمہ bima, اچار achari, پلاؤ pilau, چپاتی chapati, دوا dawa, خبر habari. Hayo anayasoma bila kamusi. Akilisoma گاڑی tayari ameshika گ na ڑ, herufi mbili ambazo chuoni hakuziona.

Fundi_Kibodi

Naingia kwenye upande wa simu, maana ameshataja WhatsApp. Ndugu, usichape Kiurdu kwa kibodi ya Kiarabu. Kwa macho ك ya Kiarabu na ک ya Kiurdu ni kitu kimoja, lakini ndani ya mashine ni herufi mbili tofauti. Vivyo hivyo ي na ی, na ه na ہ. Ukichapa کتاب kwa kaf ya Kiarabu halafu mtu akalitafuta neno hilo kwenye kundi, mara nyingi halitaonekana, na tahajia yako itaonekana imekaa vibaya mwisho wa maneno. Weka kibodi ya Kiurdu yenyewe, ipo bure kwenye Gboard, kibodi ya Google. Fonti ya Noto Nastaliq Urdu nayo ni bure, iweke kwenye kompyuta.

Simu nyingi huonyesha Kiurdu kwa sura ya naskhi, na ndiyo sababu watu wengine watakuambia uanzie naskhi. Kuna historia hapo. Mashine za chapa zilishindwa na ule mteremko wa nastaliki, kwa hiyo magazeti ya Kiurdu yaliandikwa kwa mkono na makatibu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Mirza Ahmad Jamil alipotengeneza Noori Nastaliq mwaka 1981. Alichora maelfu ya maungano ya herufi kama vipande vizima, kompyuta ikawa inavichagua. Gazeti la Jang la Lahore likatangulia kuitumia. Hata hivyo The Musalman, gazeti la Chennai, India, lililoanza mwaka 1927, lilijulikana kwa kuandikwa kwa mkono hata baada ya hapo. Kwa maoni yangu anayeanza leo asome zote mbili: naskhi kwenye simu, ambayo tayari anaijua, na nastaliki kwenye karatasi.

Msafiri_Sharjah

Na hizi herufi za Kizungu? Mbona hakuna aliyezisemea? Vijana wa hapa ndizo wanazotumia karibu muda wote.

Nesi_wa_Bradford

Kwa kuchati zitumie, watakuelewa. Kwa kujifunza hazina mkono wa kukushika, kwa sababu hakuna tahajia moja. Neno la "hapana" utalikuta nahi, nahin, nhi, na wote wako sahihi. ت na ٹ zote zinaandikwa t, د na ڈ zote d. Utaongea na watu, lakini karatasi ya mzigo itaendelea kukushinda.

Msafiri_Sharjah

Basi nimeelewa. Kaida ya nastaliki na kalamu kila usiku, yale maneno ya maalim kwanza, kibodi ya Kiurdu kwenye simu, na mwalimu nitamtafuta kwa saa chache tu anitazame mkono nikishaweza kuunganisha. Jioni hii nimepita mkahawa wa jirani nikasoma چائے kwenye kibao mwenyewe: che, alifu, hamza imekaa juu ya ile ye kubwa. Mengine: kalamu ya aina gani, na tarakimu zao ni hizi hizi za Waarabu?

Ubao_na_Wino

Kalamu, tafuta yenye ncha iliyokatwa kwa mshazari. Maduka ya vifaa vya shule ya Wapakistani huko kwenu hayawezi kuikosa, na watoto wao wa zamani walitumia ya mwanzi juu ya takhti, ubao uliopakwa udongo. Kalamu ya kawaida inaandika, ila haikuonyeshi pale mstari unaponenepa na pale unapokonda, na hapo ndipo sura ya nastaliki ilipo. Ukumbuke pia zile herufi zisizomshika anayefuata kushoto kwao: ا د ڈ ذ ر ڑ ز ژ و. Ukizijua hizo tisa utajua kwa nini neno moja linaonekana limekatika vipande.

Tarakimu nyingi zinafanana na za hapo Sharjah, lakini baadhi zina umbo lao, kwa mfano 4: yao ni ۴, wakati ya Waarabu ni ٤. Zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia hata zikiwa katikati ya sentensi. Kwenye karatasi za mzigo angalia na mkato: wao huhesabu kwa laki, لاکھ, kwa hiyo 12,50,000 ni laki kumi na mbili na nusu, siyo kosa la karani.