Kusi likianza sato wa kizimbani wanakuja juu alfajiri, shida nini?

sato_visiwani
Wakuu habari za humu. Nafuga sato kwenye vizimba vya nyavu ndani ya Ziwa Victoria huku Ukerewe, kipindi chote cha joto walikula vizuri tu, ila tangu upepo wa kusi uanze maji yamebadilika yamekuwa na ukijani uliochafuka halafu yananuka tope, na alfajiri unakuta samaki wote wako juu midomo nje wanahema, jua likipanda wanashuka. Majirani wanasema kuna mtu kamwaga sumu. Niwavue sasa hivi au nisubiri?

mzee_wa_kokoro
Pole sana mkuu. Sumu haichagui saa, ingekuwa sumu hata mchana wangekufa. Hiyo ni oksijeni. Iko hivi, kuanzia kama mwezi wa tisa mpaka wa nne huko Ziwa Victoria linakaa kwa matabaka, maji ya juu yana joto ni mepesi, ya chini yamepoa kidogo ni mazito, hayachanganyiki. Sasa kila kinachokufa kinazama, mwani, magugumaji, hata chakula chako kinachopita kwenye nyavu, kinaozea chini na kumaliza oksijeni ya huko. Na ziwa letu pamoja na ukubwa wote ule halina kina kikubwa, penye kina kabisa ni kama mita 80, kwahiyo kusi likikaza mwezi wa sita wa saba linavuruga mpaka chini na yale maji yasiyo na hewa yanapanda. Usiku mwani nao unavuta oksijeni badala ya kutoa ndo maana alfajiri ndo balaa.

dagaa_mkavu
Na dhoruba nayo inafanya hivohivo hata nje ya msimu. Mwisho wa 2020 kuingia 2021 sangara walielea wamekufa upande wa Uganda na Kenya, watu wakalia sumu sumu, serikali ya Uganda ikaja kusema oksijeni ilishuka baada ya dhoruba kuchanganya maji. Sangara ndo anawahi kufa manake anahitaji hewa nyingi, sato mvumilivu, ukiona yeye anahema ujue hali mbaya.

fundi_vizimba
Mkuu kwanza acha kulisha kabisa mpaka wachangamke, samaki akishiba anatumia oksijeni nyingi kusaga chakula. Tafuta kipimo cha oksijeni hata cha kuazima, upime kabla jua halijatoka, ukipima saa nane mchana kitakudanganya. Ukikuta chini ya miligramu 3 kwa lita usisubiri, waliofikia saizi ya soko vua uuze, wanaobaki wapate nafasi. Hapo kina chako ni mita ngapi?

sato_visiwani
Ahsanteni sana wakuu, leo sijalisha. Tupo ndani ya ghuba, kina kama mita 5, kitako cha nyavu kinakaribia tope.

fundi_vizimba
Hapo ndo tatizo lilipo aisee. Ghubani maji hayatembei na uchafu wote umelala chini yao. Nenda kaongee na afisa uvuvi wako mapema akuonyeshe eneo la nje kidogo lenye mkondo, uhamishe kabla hujapandikiza vifaranga wengine. Kwa sasa pandisha nyavu na usugue ule mwani ulioziba matundu ili maji yapite.