Data huria za bustani za umma Nairobi: mipaka haikubaliani, nifuate ipi?

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa mipango miji, Nairobi

Hamjambo wanajukwaa.

Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu umbali ambao wakazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hutembea ili kufika kwenye bustani au uwanja wowote ulio wazi kwa umma. Nimechukua kipimo cha mita 400 za kutembea, ambacho UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hukitumia katika kiashirio cha 11.7.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuhesabu watu, kumbe ugumu umeanzia kwenye bustani zenyewe.

Nina vyanzo vitatu. Cha kwanza ni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambako nimechukua maumbo yote yenye lebo ya leisure=park, yaani bustani. Cha pili ni faili la mipaka nililopewa na mtafiti mwenzangu, ambalo halina leseni, halina mwaka lilipotengenezwa, wala halitaji aliyelichora. Cha tatu ni picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo kwazo nimekokotoa kiwango cha uoto kwa kila mraba wa mita 10.

Katika faili la pili, Uhuru Park imesogea kaskazini hata sehemu yake imevuka Kenyatta Avenue na kuingia Central Park. Nayo haiko peke yake, kwa kuwa Jeevanjee Gardens, City Park na Arboretum zote zimehama kwa namna ileile. Kwa upande wa setilaiti, viwanja vya gofu na bustani za nyumba za Muthaiga, mtaa wa matajiri, zinang'aa kijani, ilhali Kaloleni na Jericho, mitaa niliyokulia na ambako watoto hucheza mpira kila jioni, zimetokea kama hazina kitu. Nikiitegemea setilaiti, tasnifu yangu itasema kwamba utoto wangu haukuwa na uwanja.

Naomba ushauri: nifuate chanzo kipi, na je, kuna njia ya kuvipatanisha?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mpima ardhi mstaafu, Mombasa

Mwanangu, nianze na jambo jepesi. Umbo linapohama peke yake, kosa ni la mchoraji. Yanapohama yote pamoja, kwa kiasi kilekile na upande uleule, kosa ni la mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazotaja mahali. Pima mhamo huo. Ukikuta ni takriban mita 300 kuelekea kaskazini na chini kidogo ya mita 100 kuelekea magharibi, basi faili hilo lilichorwa kwa Arc 1960, mfumo ambao ramani nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania ziliuegemea kwa miaka mingi, kisha mtu akalisoma kana kwamba ni WGS 84, ambao ndio mfumo wa GPS. Mifumo hiyo miwili hutumia maumbo tofauti ya dunia na vitovu tofauti, kwa hiyo namba zilezile huangukia mahali tofauti.

Usiliburute faili kwa mkono hadi likae vizuri machoni. Fungua QGIS, programu ya ramani, litambulishe kwanza kwa mfumo wake wa asili, yaani Arc 1960 UTM kanda ya 37 Kusini, wenye namba 21037 katika EPSG, orodha ya mifumo ya ramani, halafu uiagize programu ilibadilishe kwenda 32737, yaani kanda hiyohiyo kwa WGS 84. Watu wengi hukosea mpangilio huu: wanabadilisha kabla ya kutambulisha, na kosa linazikwa ndani ya faili lisionekane tena. Ukipata pia michoro ya zamani ya viwanja vya mjini, tahadhari, kwa sababu mingi ilichorwa kwa mfumo wa Cassini-Soldner na vipimo vyake ni vya futi.

Kwa mita 400 unazozipima, kosa la mita 300 linatosha kuwapa bustani watu wasio nayo na kuwanyang'anya walio nayo. Ndiyo maana nimelisema kwa urefu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mpaka unaouona OpenStreetMap ni mpaka wa macho: ukuta, ua, mwisho wa nyasi. Mpaka wa kisheria umo katika ramani za upimaji na katika matangazo ya Gazeti Rasmi la Serikali. Mara nyingi mipaka hiyo miwili hailingani, na tofauti yake ndiyo habari yenyewe. Nairobi inalijua hilo vizuri. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, na mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza Jeevanjee, bustani iliyotolewa kwa umma mwaka 1906, kuwa maegesho ya magari ya ghorofa. Kwa hiyo kila umbo liwe na safu inayosema mpaka huu umetoka wapi na umechukuliwa mwaka gani. Umbo lisilo na chanzo ni maoni ya mtu.

Jibu la pili, kutoka kwa mchoraji ramani wa kujitolea, Dar es Salaam

Nakubaliana na mzee, nami naomba niliguse suala la setilaiti, kwa kuwa ndilo lililonichoma nilipolisoma.

Sentinel-2 hupima majani yanavyorudisha mwanga. Haijui lango, haijui kiingilio, wala haijui nani anaruhusiwa kukaa kivulini. Uwanja wa vumbi ambao timu tatu zinaugombea kila Jumapili hauna majani, na hata uwanja wa nyasi bandia utahesabiwa kuwa hauna uoto. Kiashirio cha 11.7.1 kinauliza kuhusu eneo lililo wazi kwa matumizi ya umma, si kuhusu ukijani. Ukivichanganya viwili hivi, mitaa yenye kuta ndefu na miti mikubwa itaonekana tajiri wa bustani ambazo mpita njia hawezi kuingia. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa kufuata wazo la mji-bustani, ina nafasi za pamoja kati ya nyumba ambazo hakuna mtu atakayeziwekea lebo ya bustani asipokuwa amefika. Mbali na leisure=park, tafuta pia leisure=pitch, yaani kiwanja cha mchezo, na landuse=recreation_ground, yaani eneo la burudani, halafu uende ukajionee.

Nasema hivyo kutokana na tuliyojifunza hapa Dar es Salaam. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora mitaa kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Mimi nimewahi kutembea na mchoro wa zamani wa mipango miji mkononi, nikitafuta eneo la wazi lililoandikwa humo, nikakuta bohari na safu ya nyumba. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi hapo alinionyesha kwa kidole mahali goli lilipokuwa. OpenStreetMap huchora kilichopo leo, kwa hiyo eneo kama hilo haliwezi kuwekwa humo kama bustani. Lihifadhi katika tabaka lako la pembeni, pamoja na mwaka wa mchoro, kwa sababu likifutwa na huko pia, halitabaki popote.

Halafu usipime umbali hadi katikati ya umbo, wala hadi ukingo ulio karibu. Msitu wa Karura, huko kwenu Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000 na umezungushiwa ua. Anayeishi mkabala na ua anaweza kutembea mbali sana kabla ya kufika langoni, na akifika atalipa kiingilio. Uingereza walilitambua hilo: data huria za maeneo ya kijani zilizotolewa na Ordnance Survey, shirika lao la ramani, mwaka 2017 zina tabaka la mipaka na tabaka jingine la sehemu za kuingilia. Kwako wewe, tabaka la malango ndilo litakaloamua jibu.

Jibu la tatu, kutoka kwa mwanasheria, Nakuru

Ningeongeza suala la leseni, ambalo wengi hulikumbuka wakati wa kuchapisha. Data za OpenStreetMap ziko chini ya leseni ya ODbL: unaweza kuzitumia upendavyo mradi utaje chanzo, na ukitengeneza hifadhidata inayotokana nazo na kuitoa hadharani, uitoe kwa masharti yaleyale. Faili lisilo na leseni si data huria, hata kama limesambazwa bure. Usilipakie OpenStreetMap, na usichore maumbo juu ya ramani za Google ukayapeleka humo.

Omba data rasmi kwa maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, huku ofisi ikitakiwa kuamua ndani ya siku 21. Omba mipaka yenyewe katika muundo unaosomeka na programu, na ulitaje hilo waziwazi, la sivyo utapokea picha ya ramani iliyopigwa skani.

Muulizaji anarejea

Mzee, nimepima: mita 300 na ushei kaskazini, na karibu mita 90 magharibi. Nimelitambulisha faili kama ulivyoelekeza na Uhuru Park imerudi upande wake wa Kenyatta Avenue. Faili hilo nitalitumia kwa kulinganisha tu, kwa kuwa mwenzangu naye hajui lilikotoka.

Picha za setilaiti nimezihamishia katika sura ya kivuli na joto, ambako zina kazi. Jumamosi hii tunaanza kutembea Kaloleni na Jericho tukiwa watu wanne, tukiandika kila uwanja: una njia ngapi za kuingilia, unafungwa saa ngapi, na nani huuona kuwa wake. Ombi la mipaka kwa kaunti nimeliandika kwa Kiswahili na nitaliwasilisha kesho.

Limebaki swali moja: viwanja vya shule za umma, ambavyo watoto wa mtaa huingia jioni lango likiachwa wazi na hufukuzwa likifungwa, mngevihesabu?