Vimeli vya vita vya ziwa letu 1914: nichukue skeli gani, na mbona rangi inakuwa nyeusi tii?

Mkazi wa Nyegezi
Habari zenu wakuu. Mimi niko Nyegezi hapa Mwanza, huu mwaka wa pili nakusanya vimeli vidogo vya kuchezea vita vya majini mezani. Vyote nilivyonavyo ni skeli 1/2400, yaani kimeli ni kifupi mara 2400 kuliko meli yenyewe, vya Vita Kuu ya Kwanza, na ninachokipenda kuliko vyote ni Königsberg, ile manowari ya Mjerumani iliyoizamisha Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, halafu ikaenda kujificha delta ya Rufiji mpaka manowari za Mwingereza, Severn na Mersey, zikaimaliza Julai 1915. Sasa juzi nimekaa pale Capri Point naangalia Ziwa Victoria nikajiuliza, hivi mbona nacheza vita vya kila mahali na vya hapa kwetu sina? Maana hapa hapa Waingereza walikuwa na meli Winifred, Sybil, Kavirondo, na Mjerumani alikuwa na Muansa, yenye jina la mji wetu kabisa!

Nataka nivichonge mwenyewe kwa mbao. Maswali yangu mawili. Kwanza skeli, nikibaki 1/2400 si vitakuwa kama punje za mchele? Pili rangi. Kijivu nakipaka kulingana na picha za zamani, nikikishika mkononi kinapendeza, nikikiweka mezani nikasimama naona donge jeusi tu, huoni dohani wala mzinga. Nakosea wapi jamani?

Fundi Rangi Igoma
Mkuu mimi napaka magari lakini vimeli navyo nimevipaka vingi, nianze na hilo la rangi. Hukosei kuchanganya, unakosea kuamini picha. Kitu kidogo kinapokea mwanga kidogo, kwa hiyo rangi ileile iliyopakwa kwenye meli yenyewe ukiiweka kwenye kitu cha sentimita 5 inaonekana nzito zaidi. Ongeza nyeupe kwenye kijivu chako, ongeza mpaka uone umezidisha, halafu kiweke sakafuni usimame ukiangalie. Kimeli kinapakwa kwa jicho la mtu aliyesimama, siyo la mtu aliyekishika puani.

Utaratibu wangu ni huu: naosha kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, nakausha siku nzima, napulizia praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya kijivu ya magari kwa mbali, mikupuo miwili myepesi. Halafu kijivu chenyewe. Ikikauka nachukua rangi ya maji nyeusi iliyochanganywa na kahawia, naizimua mpaka iwe kama chai ya rangi, naimwagia kote, inaenda kujikalia yenyewe kwenye mifereji na chini ya mizinga. Mwisho brashi kavu, yaani unachovya kijivu cheupe kidogo, unaifuta karibu yote kwenye kitambaa, inayobaki unaipitisha juu juu kwenye kingo. Hapo ndipo dohani inatokea. Watu wengi hii hatua ya mwisho wanairuka na ndiyo yenye kazi yote.

Na tafadhali usipulizie vanishi siku ya mvua, hewa ikiwa na unyevu vanishi inaota ukungu mweupe, niliharibu vimeli sita siku moja mwezi wa nne na nikavikwangua vyote upya. Hivyo vya madini vingine vina risasi ndani, ukipiga msasa upige ukiwa umeulowesha, na unawe kabla ya kula.

Dada wa Bukoba
Kwenye skeli mimi nakwambia chagua kwa kuangalia chombo kidogo kuliko vyote utakachokuja kukitaka, siyo kikubwa. Leo unasema Ziwa Victoria, kesho utataka Tanganyika, na kule kuna Mimi na Toutou, maboti ya Waingereza ya futi 40, karibu mita 12. Kwenye 1/2400 hiyo ni milimita 5, huwezi kukipaka wala kukishika. Kwenye 1/1200 ni sentimita 1. Kwenye 1/600 ni sentimita 2, hapo unaweka hadi mzinga wa mbele. Na Graf von Götzen, ambayo ndiyo MV Liemba, inakuja kama sentimita 12, inakaa mezani vizuri tu. Mimi naenda na 1/600.

Mwanakisiwa wa Ukerewe
Dada nakuheshimu ila 1/600 ina shida ya meza. Kilomita 1 hapo ni zaidi ya mita moja na nusu, mzinga ukipiga kilomita 3 unahitaji sebule nzima na korido. Kwenye 1/2400 kilomita 1 ni sentimita 42 basi. Abaki na alichonacho, asianze upya.

Dada wa Bukoba
Kaka hesabu yako ni sawa kama utapima umbali kwa skeli ya kimeli, lakini wachezaji wengi hatufanyi hivyo. Umbali wa mezani una skeli yake na kimeli kina skeli yake. Mkikubaliana sentimita 10 ni mita 500, mnapima kutoka kwenye mlingoti wa huyu mpaka mlingoti wa yule, kimeli chenyewe ni alama tu ya kuonyesha nani yuko wapi na omo, yaani pua ya meli, imeelekea wapi. Hata wanamaji wa Uingereza pale Liverpool mwaka 1942, kikosi cha Gilbert Roberts, walichora njia za meli na nyambizi kwa chaki sakafuni wakawafundisha maofisa wa misafara ya Atlantiki, na kazi ikafanyika.

Mwanakisiwa wa Ukerewe
Hapo nimekuelewa, kwa vita vidogo vya vyombo viwili vitatu 1/600 inakubali. Basi mkuu wa Nyegezi anza na Karungu, upande wa Kenya wa ziwa, Septemba 1914, wakati Wajerumani wameenda Kisii. Winifred inafika inaikuta Muansa, inageuza, halafu inarudi pamoja na Kavirondo na Muansa inaondoka. Vyombo vitatu tu, na mchezo mzuri unapatikana kwenye kuamua Kavirondo inaingia mezani raundi ya ngapi, mrushie dadu. Baadaye ongeza Sybil iliyokwama Majita mwaka huohuo, hiyo huhitaji hata kuisogeza.

Mkazi wa Nyegezi
Asanteni sana, 1/600 basi, na Königsberg yangu inabaki 1/2400 na wenzake. Fundi, sitaha nipake nini? Na milingoti, vijiti vya meno vinakatika kila nikivigusa.

Fundi Rangi Igoma
Sitaha ya mbao paka rangi ya mchanga mkavu, siyo kahawia, halafu ile chai yako juu yake. Ipake kabla ya ubavu, ukichafua pembeni kijivu kitafunika. Milingoti tumia waya wa shaba wa nyaya za simu, mafundi wanautupa, unyooshe kwa kuuviringisha kati ya vigae viwili, toboa tundu kwa sindano, kisha supaglu. Ukiguswa unapinda, unaunyoosha tena.